Tanuri la Kilo: Watu Waliojifundisha Kuoka Mkate

Mtu wa kwetu akisafiri mbali na kuulizwa anatoka wapi, akajibu, "Natoka Kilo," mara nyingi husikia swali la pili: "Kilo ya nini?" Nasi tumezoea kujibu, "Kilo ya dhahabu." Ndivyo mji wetu huu wa Ituri, katika eneo la Djugu, upande wa kaskazini-magharibi ya Bunia, unavyojulikana kwa muda wa zaidi ya miaka mia.

Habari za dhahabu zimeandikwa mara nyingi, na wenye elimu watazidi kuziandika. Leo tunataka kusimulia habari ya kilo nyingine, iliyo nyeupe na nyepesi, nayo ni kilo ya unga wa ngano. Ilifikaje hapa, mahali pasipoota ngano? Nani aliwafundisha watu kuifanya mkate? Na kwa nini leo akina mama wengi, na vijana wengine pia, huona furaha kubwa kukanda unga nyumbani, ingawa hawakuingia shule yoyote ya waokaji? Tutaona kwamba katika jambo hili dogo imefichwa historia ndefu.

MKATE WETU WA KWANZA

Kwanza tuungame aibu yetu. Sisi tunaoandika habari hizi hatukuwa waokaji. Tulikuwa tukinunua mkate kwa wachuuzi walioleta vikapu kutoka Bunia. Lakini machafuko yalipoanza tena katika Djugu, mwishoni mwa mwaka 2017, njia zikawa za hatari, na siku nyingine hakuna kikapu kilichofika. Nyumbani mwetu palikuwa na mgonjwa aliyetamani mkate laini wa kuchovya katika chai. Basi tukasema, "Watu wanaooka ni watu kama sisi. Na tujaribu."

Tulinunua kilo moja ya unga na pakiti ndogo ya hamira. Tulimimina hamira katika maji yaliyotoka motoni papo hapo, tukadhani ya kuwa joto jingi litaleta nguvu nyingi. Tukakanda mara chache, tukatia donge katika sufuria, tukaweka juu ya makaa, tukafunika. Baada ya saa moja tulitoa kitu kilichoungua chini, kibichi katikati, na kizito kama jiwe la kusagia. Watoto walikitazama, wakanyamaza kwa adabu, kisha wakashindwa kujizuia, wakacheka. Bibi yetu alikigusa kwa kidole, akasema neno moja tu: "Unga umekufa." Mgonjwa wetu akanywa chai yake bila mkate.

Neno lile la bibi tulilichukua kuwa mzaha. Baadaye tulijua kwamba alikuwa amesema kweli tupu.

Kesho yake tulimwendea mzee mmoja jirani, ambaye baba yake alikuwa mpishi katika nyumba za mabwana wa mgodi. Tulimwuliza, "Mzee, baba yako alifundishwa na nani kuoka?" Akajibu, "Hakufundishwa. Aliangalia, akaharibu, akajaribu tena." Jibu hilo ndilo lililotufanya tutafute habari za zamani, nasi tunawapa sasa yale tuliyoyapata.

KABLA YA NGANO

Wengine husema kwamba kabla ya Wazungu watu wa nchi hii hawakujua mambo ya mkate wala ya chachu. Usemi huo una nusu ya kweli. Ngano hawakuwa nayo. Ngano ilianza kulimwa yapata miaka 10,000 iliyopita katika nchi za Mashariki ya Kati, nayo hupenda baridi. Misitu ya Ituri ina joto na mvua nyingi, haiifai. Hata leo, katika Kongo ya mashariki, mahali panapojulikana kwa ngano ni milima ya Lubero katika Kivu ya Kaskazini, mbali na kwetu, kwenye nchi iliyoinuka zaidi ya mita 2,000.

Lakini kugeuza chakula kwa kukichachisha, na kukiiva bila kukichemsha majini, mambo hayo wazee wetu waliyajua vizuri. Ndizi zilifukiwa katika majivu ya moto. Chakula kilifungwa katika majani na kuivishwa kwa mvuke. Mtama na ulezi vilichachishwa kuwa pombe katika nchi ya juu, na mgema aliushusha mnazi wa bara, yaani mchikichi, akapata tembo lililokuwa likitoa povu kabla hajafika nyumbani. Muhogo mchungu ulilowekwa siku kadhaa mpaka ukawa laini na kutoa harufu ya kuchacha. Ndipo ukapondwa, ukafungwa katika majani na kupikwa ukawa kwanga. Kwanga ni nini, kama si mkate wa nchi yetu? Umechacha, umefinyangwa, umeiva, na hukaa siku nyingi bila kuharibika. Msafiri huutia mfukoni akaenda zake.

Ujuzi huo haukuwa mchezo. Mwaka 1887 msafiri Stanley alipita katika msitu wa Ituri pamoja na wapagazi wengi wa Unguja, akienda kumtafuta Emin Pasha. Nyuma, huko Yambuya kwenye mto Aruwimi, aliacha kikosi kingine. Wapagazi wa kikosi hicho walikufa kwa wingi, na sababu moja iliyotajwa ni kwamba walikula muhogo mchungu bila kuutayarisha inavyopasa. Muhogo ulikuwa mbele yao, lakini ujuzi wa kuuloweka hawakuwa nao. Hapo tunajifunza neno la kwanza: chakula bila ufundi wake chaweza kuwa sumu, na ufundi huo watu wa nchi walikuwa nao.

JINA LILIFIKA KABLA YA KITU

Katika miaka ile ya 1880 wafanyabiashara wa pwani na watu wa Manyema walikuwa wamekwisha kuingia katika msitu wa Ituri kutafuta pembe za ndovu na watumwa. Walileta mateso makubwa, nayo hatuyasahau. Lakini waliacha pia lugha hii tunayoiandika. Na ndani ya lugha hii yalikuwamo maneno ya jikoni kutoka pwani: mkate, tanuri, hamira. Neno tanuri ni la kale sana katika nchi za Waarabu na jirani zao, na hamira vilevile tumeipata katika Kiarabu.

Kwa watu wa pwani mkate ulikuwa wa namna nyingi. Palikuwa na mkate wa mofa, uliobandikwa katika tanuri la udongo. Palikuwa na mkate wa kumimina, wa mchele na tui la nazi, uliotiwa hamira ukaumuka, ukaokwa kwa moto wa chini na makaa ya juu ya kifuniko. Kumbukeni vizuri moto huo wa juu na wa chini, maana tutauhitaji baadaye.

Kwa hiyo watu wa Ituri walilisikia jina la mkate kabla ya kuona mkate wa ngano. Jina lilifika kwanza. Kitu chenyewe kilikuja nyuma, kikifuata dhahabu.

NJIA YA UNGA

Mwaka 1903 watafutaji wawili kutoka Australia, Hannam na O'Brien, waliona dhahabu katika kijito cha Agola. Mwaka 1905 kazi ya kuchimba ilianza Kilo, na muda mfupi baadaye huko Moto upande wa kaskazini. Mwaka 1919 serikali ya Wabelgiji iliweka machimbo chini ya shirika lake, na mwaka 1926 ikaundwa kampuni ya Kilo-Moto, ambayo jina lake lilitajwa kila mahali katika Ituri na Uele.

Tusifiche jambo: kazi hiyo ilijengwa juu ya jasho la watu ambao wengi wao hawakuja kwa hiari. Machifu walitakiwa kutoa watu. Wachukuzi walitembea na mizigo kabla ya barabara. Vijiji vilidaiwa chakula cha kuwalisha wafanyakazi. Mchimbaji alipewa posho yake, na posho hiyo haikuwa mkate. Mkate ulikuwa juu kilimani, katika nyumba za mabwana.

Unga wa mkate huo ulikuja kwa safari ndefu. Reli kutoka Mombasa ilifika Kisumu mwaka 1901. Toka hapo mizigo ilivuka Ziwa Viktoria kwa meli, ikapita Uganda kwa reli ndogo na kwa mashua ya Ziwa Kyoga, ikateremka mpaka bandari ya Butiaba, ikavuka Ziwa Alberti, ikashushwa Kasenyi au Mahagi. Ndipo ikapanda mlima kuja kwenye machimbo. Hebu fikirini mfuko mmoja wa unga: umepita bahari, reli, maziwa mawili makubwa na mlima, ili bwana mmoja apate kipande cha mkate na siagi asubuhi!

Pamoja na watu wa mgodi walikuwako wamisionari. Hao nao walihitaji ngano, kwa sababu mkate wa Misa katika Kanisa letu lazima uwe wa ngano tupu, usiotiwa chachu. Padre aweza kula bugali na ndizi pamoja na watu wake siku zote, lakini bila unga kidogo wa ngano hawezi kusoma Misa. Basi popote altare ilipojengwa, kopo la unga lilitunzwa kwa uangalifu mahali pakavu, mbali na panya na unyevu.

MLANGO WA JIKONI

Bwana alikuwa na unga, lakini mara nyingi hakujua kuoka. Fundi wa mashine au karani aliyetoka Ubelgiji alikuwa amezoea kununua mkate dukani kwao. Hapa hapakuwa na duka la mkate. Kazi ikamwangukia mpishi, naye katika siku zile karibu daima alikuwa mwanamume wa nchi hii.

Mpishi huyo alifanya nini? Hamira ya dukani ilikuwa haba, na ile mbichi huharibika upesi katika joto. Basi katika Kongo, kama ilivyokuwa katika Goa ya Wahindi, waokaji walitumia tembo. Tembo jipya la asubuhi limejaa chachu hai. Ukilikandia unga, utaumuka. Bwana alikula mkate akausifu, wala pengine hakujua kwamba umeinuliwa na kinywaji alichowakataza watumishi wake.

Tanuri nalo lilipatikana karibu. Udongo wa kichuguu, ambao mchwa wameusaga na kuushikamanisha, haupasuki upesi katika moto. Watu wa Afrika ya kati waliutumia kujenga kuta na sakafu, na wasafiri wengi walitengeneza tanuri kwa kutoboa kichuguu chenyewe. Unawasha kuni ndani mpaka udongo umeshika joto, unaondoa makaa, unaingiza mkate, unaziba mlango. Joto lililolala katika udongo ndilo linaloivisha.

Tazameni basi: chachu ya mgema, udongo wa mchwa, mikono ya mpishi mweusi. Kigeni kilikuwa unga peke yake. Mpishi hakupewa cheti, wala jina lake halikuandikwa katika kitabu cha kampuni. Lakini alirudi kwake jioni akiwa na jambo kichwani, na siku ya sikukuu alipopata unga kidogo aliwaokea watoto wake. Hivyo mkate uliteremka kutoka kilimani mpaka kambini kwa njia ya mlango wa jikoni.

Baada ya vita kuu ya pili, serikali na makampuni katika Kongo walizidi kufungua nyumba za kuwafundishia akina mama, zilizoitwa kwa Kifaransa foyer social. Walifundishwa kushona, kupiga pasi, kulea watoto na kupika. Ilikuwa kazi njema katika mambo mengi, ingawa mara nyingi mafundisho yalidhani kwamba mama wa Kiafrika haji na ujuzi wowote kutoka kwao. Ninyi mliosoma mpaka hapa mnajua kuwa si kweli.

KWA NINI UNGA HUINUKA?

Sasa turudi kwenye neno la bibi: "Unga umekufa." Kwa miaka maelfu watu walioka mkate wa chachu, na Wamisri wa kale walikuwa mafundi wake, lakini sababu ya kuinuka hawakuijua. Kati ya mwaka 1857 na 1860 mtaalamu wa Ufaransa, Louis Pasteur, alithibitisha kwamba kuchacha ni kazi ya viumbe hai wadogo mno. Chachu ni hai. Inakula sukari iliyomo katika unga, inatoa hewa, na hewa hiyo hulijaza donge mapovu. Ukiimwagia maji yanayochemka, unaiua. Ndivyo tulivyoiua hamira yetu siku ile. Bibi hakumsoma Pasteur, lakini alikuwa amechachisha muhogo na pombe maisha yake yote, akatambua mara moja kitu kilichokufa.

Swali la pili: kwa nini unga wa ngano hushika hewa, na unga wa muhogo haushiki? Jibu lilianza kupatikana Bologna, katika Italia, mwaka 1745, Beccari alipoandika habari za jaribio ambalo kila msomaji aweza kulifanya nyumbani. Kanda donge dogo la unga wa ngano, kisha lioshe polepole katika bakuli la maji, ukilifinyafinya. Wanga mweupe utatoka na kuyafanya maji kama maziwa. Mkononi kitabaki kitu cha kunata na kuvutika kama mpira. Hicho huitwa gluteni. Ndicho kinachofanya vifuko vidogo vya kuzuia hewa ya chachu, na kukanda ndiko kunakokiunganisha. Jaribu vivyo hivyo kwa unga wa muhogo: wote utakwenda na maji, mkono utabaki mtupu.

Kwa sababu hiyo mkate wa muhogo mtupu hauinuki kama wa ngano. Lakini kuuchanganya kunawezekana. Mwaka 1964 shirika la FAO la Umoja wa Mataifa lilianza mpango wa kutafuta namna ya kuoka mkate kwa ngano iliyochanganywa na unga wa mihogo na wa nafaka nyingine za nchi za joto, ili nchi hizo zisitoe fedha nyingi kununua ngano ng'ambo. Sisi tumejaribu: sehemu moja ya unga wa muhogo kwa sehemu tisa za ngano, na mlaji hasemi kitu. Ukizidisha sana, mkate huvunjika na kukauka upesi. Mwaka 2022, vita ya Urusi na Ukraine ilipopandisha sana bei ya ngano katika dunia nzima, sehemu hiyo moja ya kumi haikuwa kitu cha kudharau katika nyumba ya maskini.

TANURI HALIBEBWI

Siku ya 30 Juni 1960 Kongo ilipata uhuru, na Wazungu wengi wa mgodi wakaondoka. Mwaka 1964 maasi ya Simba yalifika Ituri, kazi ya machimbo ikasimama. Mwaka 1966 kampuni ikageuzwa kuwa shirika la serikali. Mwaka 1973, mwezi wa Novemba, Rais Mobutu alitangaza kwamba maduka na mashamba ya wageni yapewe Wazaire. Biashara nyingi zilianguka mikononi mwa watu wasiozijua. Mwaka 1982 uchimbaji wa dhahabu kwa mikono uliruhusiwa, na vijana wakamiminika kwenye mito na mashimo. Kijana anayeingia shimoni alfajiri anahitaji kitu cha kushika tumbo, na akina mama waliojua kukanda unga walimngojea njiani na mandazi na mikate ya moto. Dhahabu iliyopimwa kwa kijiti cha kibiriti ililipia kikombe cha chai na andazi.

Kisha zikaja siku mbaya kuliko zote. Kati ya mwaka 1999 na 2003 vita ya ndugu kwa ndugu, iliyochochewa na wenye silaha waliotaka dhahabu, iliangamiza maelfu ya watu wa Ituri. Mongbwalu, jirani yetu, ilipigwa mara kwa mara katika miaka ya 2002 na 2003. Huko Bunia, mwezi wa Juni 2003, majeshi ya Ulaya yalitumwa kusaidia kuulinda mji. Na mwishoni mwa 2017, kama tulivyosema, moto uliwaka tena katika Djugu, watu wakakimbilia Bunia, na wengine wakavuka ziwa kwenda Uganda.

Mtu anayekimbia hachukui tanuri. Huchukua mtoto mgongoni, sufuria kichwani, na blanketi kama ipo. Matanuri ya udongo yaliyoachwa yalinyeshewa na mvua, yakarudi kuwa udongo. Lakini katika kambi za wakimbizi, baada ya siku chache, utaona mama ameketi mbele ya mafiga matatu, anakanda unga alioukopa, anauza mandazi kumi, anarudisha deni, ananunua unga mwingine. Nani alimfundisha? Mama yake, au jirani, au njaa. Kile alichojifunza kimo mikononi mwake, na askari wa vizuizi vya barabarani hawawezi kukipekua wala kukitoza kodi.

Hapo ndipo tulipoelewa kwa nini habari ya mkate ina uzito katika Kilo. Dhahabu yetu imetoka kwa zaidi ya miaka mia, na kila aliyeichukua amekwenda nayo. Ufundi nao huchukuliwa, lakini mwenye kuufundisha habaki bila kitu: mpishi alimpa mtoto wake, mtoto akampa jirani, na wote watatu wakawa nao.

KWA YEYOTE ANAYETAKA KUANZA

Msomaji mmoja atasema, "Historia ni nzuri, lakini nipeni mkate." Haya, tutamwambia jinsi sisi tunavyofanya leo, baada ya kuharibu unga mwingi.

Tunachukua kilo 1 ya unga, vijiko 2 vya chai vya chumvi, vijiko 2 vya mezani vya sukari, mafuta kidogo, vijiko 3 vya chai vya hamira kavu, na maji kama nusu lita na robo kikombe zaidi. Maji yawe vuguvugu: ukitia kidole, usisikie kuungua hata kidogo. Tunakanda robo ya saa nzima, bila kujihurumia, mpaka donge linavutika na kung'aa. Tunalifunika kwa kitambaa mahali penye joto mpaka limekuwa mara mbili. Siku ya baridi huchukua saa mbili au zaidi. Tunalipiga chini, tunalifinyanga, tunaliacha liinuke tena.

Asiye na tanuri asivunjike moyo. Twaa sufuria kubwa nzito, weka mchanga mkavu chini, ipashe joto juu ya makaa. Weka chombo cha mkate juu ya mchanga kisiguse kando. Funika, kisha tia makaa machache juu ya kifuniko. Ndio ule moto wa juu na wa chini wa watu wa pwani. Baada ya nusu saa au dakika 40, toa mkate, ugonge chini kwa vidole: ukilia kama ngoma ndogo, umeiva. Ukinyamaza, urudishe.

Mkate wa pili utakuwa bora kuliko wa kwanza, na wa kumi utakuwa bora kuliko wa pili. Haraka haraka haina baraka, na kwa mkate methali hii si mfano tu, ni kanuni ya kazi, chachu haisukumwi.

Yule mgonjwa wetu alipona. Mkate wa nne ndio uliokuwa laini, akauchovya katika chai, akala vipande viwili, akaomba cha tatu. Watoto waliotucheka siku ya kwanza sasa hugombania kukanda, na mkubwa wao ameanza kuwaonyesha watoto wa jirani jinsi ya kupima joto la maji kwa kidole. Tulipomsikia akiwaambia kwa sauti ya mwalimu, "Angalieni, msiuue unga," bibi yetu aliyekuwa amekaa mlangoni alitabasamu, akaendelea kumenya muhogo wake.